Spika na sabufa za sebuleni: pima chumba kabla ya kuhesabu wati

Swali ninaloulizwa kuliko yote kwenye meza yangu ya ufundi ni fupi: "Fundi, ninunue ipi?" Anayeuliza huwa ameshaliona kasha dukani. Limeandikwa wati elfu kadhaa kwa herufi kubwa, lina taa zinazobadilika rangi, na bei yake ni akiba ya miezi, au ni pesa alizotumiwa na mwanawe aliye Doha. Mimi humrudishia swali: sebule yako ni mita ngapi kwa ngapi, na mkisikiliza mwakaa wapi? Wengine hudhani nafanya mzaha. Lakini hakuna kinachoamua sauti ya nyumbani kuliko chumba, na chumba ndicho kitu ambacho muuzaji hakijui hata kidogo.

Haya niandikayo ni ya mtu anayetaka mtambo mmoja wa nyumba nzima: Qur'ani asubuhi, taarabu na kaswida mchana, mpira jioni, filamu mwisho wa wiki. Asiye na haja ila ya kutikisa vioo vya dirisha hahitaji makala, kasha lolote kubwa litamtosha.

Tuelewane kwanza kwa majina. Mitaani kwetu "wufa" limekuwa jina la seti nzima, yaani lile kasha la sauti nzito pamoja na vispika vyake viwili au vinne. Hapa nikisema sabufa nakusudia kasha la sauti nzito peke yake. Nikisema spika nakusudia zile mbili kuu za mbele, zinazobeba maneno na nyimbo. Sabufa ni msaidizi wao. Seti nyingi za madukani zimemfanya msaidizi kuwa jitu na wenye kazi kuwa vitoto, na hapo ndipo matatizo mengi yanapoanzia.

Kuta zako ndizo spika ya tatu

Nyumba zetu za siku hizi, ziwe za Tudor, Kisauni, Likoni ama Mtwapa, nyingi ni kuta za mawe au matofali ya saruji, slabu juu, taili chini, na madirisha mapana ya vioo. Kila kimoja kati ya hivyo huirudisha sauti badala ya kuimeza. Simama katikati ya sebule upige kofi moja kali. Ukisikia mlio mdogo unaochirizika baada ya kofi, kama sarafu iliyoanguka kwenye sinia, basi mlio huohuo utafuata kila neno litakalotoka kwenye spika zako, hata uzinunue kwa bei ya gari. Ndiyo sababu mama mtu mzima husema televisheni "yapiga kelele lakini haisemi". Masikio yake yanahangaika kutenganisha neno na mwangwi wake. Ukimwongezea sauti, mwangwi nao unaongezeka.

Dawa yake mara nyingi tayari mnayo ndani: zulia zito mbele ya spika, mapazia manene yanayofunika kioo, makochi ya kitambaa badala ya ngozi, mito, na kabati la vitabu kwenye ukuta ulio mkabala na spika. Mkeka mwembamba haufanyi kitu kikubwa. Zulia lenye manyoya marefu lafanya.

Nyumba za zamani za Mji wa Kale na za Lamu zina habari yake. Vyumba vyake ni vyembamba, kama mita 2.5 hadi 3, kwa kuwa dari ilibebwa na boriti za mikoko na boriti haikuweza kuvuka zaidi ya hapo. Wembamba huo unaziweka spika karibu mno na kuta za kando. Lakini ukuta wenye zidaka huvunja sauti na kuitawanya vizuri, kazi ambayo studio hulipia pesa kununua mbao maalumu zenye mashimo na vina tofauti. Mwenye ukuta wa zidaka asiuzibe kwa ubao laini ili atundike televisheni. Na aweke spika kwenye upande mfupi wa chumba, zikitazama urefu wake.

Sauti nzito haisikii pazia wala zulia. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, hivyo wimbi la Hz 40 lina urefu wa mita 8 na nusu hivi. Pazia litalizuiaje? Wimbi hilo linachokiona ni umbali baina ya ukuta na ukuta. Chukua 172 ugawe kwa urefu wa chumba kwa mita, utapata sauti ambayo chumba hicho kitaipenda kupita kiasi na kuivimbisha. Chumba cha mita 5 kwa 3.5 kitavimbisha Hz 34 kwa urefu wake na Hz 49 kwa upana. Hilo lavumilika kwa sababu uvimbe umegawanyika. Chumba cha mraba, mita 4 kwa 4, huvimbisha Hz 43 mara mbili mahali palepale, na kila ngoma itakayopigwa itatoka na mlio mmoja tu, buu, buu, hata mpigaji awe amebadilisha noti. Mwenye sebule ya mraba nampa ushauri mmoja: nunua sabufa ndogo kuliko unayoitamani.

Kisha kuna mtindo wetu wa kupanga viti. Makochi yetu, au magodoro ya majlisi, yamebanwa ukutani pande zote ili katikati pabaki wazi. Ukutani ndiko sauti nzito inakorundikana zaidi. Anayekaa kichwa chake kikigusa ukuta husikia besi nyingi kuliko aliyesimama katikati ya chumba, na aliye pembeni kabisa ndiye hupata nyingi kupita wote. Ukiweza kusogeza kochi sentimita 30 au 40 kutoka ukutani, umepata faida bila ya kutoa senti. Usipoweza, na najua nyumba ambazo mama mwenye nyumba hatakubali, basi punguza kiwango cha sabufa kwa kipimo cha anayekaa ukutani, si kwa aliyesimama na rimoti mkononi.

Unasikiliza nini?

Sikio la binadamu lililo zima husikia baina ya Hz 20 na Hz 20,000 hivi, na linapungua upande wa juu kadiri umri unavyokwenda. Lakini mambo tunayoyapenda hayakusambaa sawasawa humo. Sauti ya mwanamume anaposema huanzia baina ya Hz 85 na 180 hivi, ya mwanamke baina ya 165 na 255, na zile herufi zinazotenganisha neno na neno, kama s, f, t na k, ziko juu kwenye maelfu. Udi na kanuni, fidla na kodiani, taishokoto na tari, vyote kazi yao kubwa i katikati. Noti ya chini kabisa ya gitaa la besi la nyuzi nne ni Hz 41 hivi.

Sasa tazama seti ya kasha. Vile vispika vyake vina koni ya inchi 2 au 3. Koni ndogo namna hiyo haiwezi kushuka chini ya Hz 150 au 200 kwa nguvu ya maana, hivyo sabufa inalazimishwa ipande juu hadi huko kuziba pengo. Matokeo yake ni kwamba sauti ya sheikh anayesoma inakatwa vipande viwili: kifua chake kinatoka kwenye kasha lililo pembeni chini ya meza, na midomo yake inatoka kwenye vispika vilivyo juu. Mwenye nyumba hajui kilichoharibika, ila anajua kwamba kusikiliza kunamchosha.

Rekodi za zamani zina funzo jingine. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928 kwa mashine za wakati ule, na rekodi kama hizo hazina sauti nzito ya kina. Hata rekodi nyingi za kaseti za waimbaji wetu wa Mombasa, za akina Juma Bhalo na Zein l'Abdin, uzuri wake umo kwenye koo la mwimbaji na kwenye vidole vya mpiga udi. Ukizipitisha kwenye sabufa iliyofunguliwa mpaka mwisho utaongeza mngurumo wa mashine na vumbi la kaseti, na udi utazama humo. Anayesikiliza zaidi taarabu ya zamani, kaswida na Qur'ani anaweza kuishi miaka bila sabufa kabisa, mradi spika zake mbili ni nzuri. Taarabu ya kisasa yenye kinanda na gitaa la besi, muziki wa vijana, na filamu, hivyo ndivyo vinavyoihitaji.

Kwa hiyo ninapopewa bajeti, sehemu kubwa kuliko zote naipeleka kwenye spika mbili za mbele. Ziwe na koni ya inchi 5 hadi 6 na nusu, na twita yake juu, ndani ya kasha la mbao au ubao mzito. Ligonge ubavu kwa kifundo cha kidole. Likilia kama debe, litaimba pamoja na mwimbaji. Spika za ukubwa huo hushuka hadi Hz 60 au 50 bila taabu, na sabufa inabaki na kazi yake halali ya chini ya hapo. Spika ndefu za kusimama sakafuni ni nzuri kwenye sebule kubwa. Kwenye chumba cha mita 3 kwa 4 huleta besi usiyoiomba.

Wati zinazoandikwa na wati zinazotoka

Neno la kutafuta kwenye kasha ni RMS. Ukiliona PMPO, ile tarakimu iliyo mbele yake usiihesabu, maana haina kipimo kinachokubaliwa popote. Zipo seti zinazoandikwa maelfu ya wati, na kibandiko cha nyuma, pale waya wa umeme unapoingia, kinasema mashine inatumia wati 60. Haiwezi kutoa mfululizo zaidi ya inachokunywa. Geuza mashine dukani usome kibandiko hicho, hakidanganyi kama kasha.

Na hata wati za kweli hazina uzito tunaoudhani. Kuzidisha wati mara mbili, kutoka 50 hadi 100, kunaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo utaisikia lakini hutashangaa. Ili sikio liseme "hii imekuwa mara mbili", yahitajika desibeli kama 10, ambazo ni wati mara kumi. Ndiyo maana natazama zaidi unyeti wa spika, ile tarakimu inayoonyesha desibeli ngapi zinatoka kwa wati 1 ukiwa mita 1 mbele yake. Nyingi za nyumbani ni 85 hadi 90. Chukua spika mbili za 87, kaa mita 3 kutoka kwazo, uzipe wati moja moja: utapata karibu desibeli 80, na mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Wati moja! Zinazobaki ni akiba ya mapigo ya ghafla, mlango unaofungwa kwa kishindo au ngoma inayoingia. Amplifaya ya wati 40 hadi 60 za kweli kwa kila upande yatosha sebule zetu karibu zote.

Spika huungua zaidi kwa amplifaya dhaifu iliyolazimishwa kuliko kwa yenye nguvu inayotumiwa kwa adabu. Amplifaya ikifika mwisho wake hukata vichwa vya mawimbi, sauti inakwaruza, na twita ndiyo inayokufa mwanzo. Ukisikia mkwaruzo, teremsha. Tazama pia ohmu: amplifaya iliyoandikwa 8 isipewe spika za 4, wala usiunganishe jozi mbili za spika kwenye tundu moja ili ujaze ukumbi siku ya shughuli. Siku ya shughuli kodi mtambo.

Sabufa yenyewe

Kila unaposhuka nusu ya masafa, tuseme kutoka Hz 60 hadi 30, koni inapaswa kusafiri mara nne zaidi ili itoe ukubwa uleule wa sauti. Kwa hivyo kasha dogo la plastiki lenye koni ya inchi 5 haliwezi kushuka chini, hata liandikwe nini. Linachofanya ni kuvimbisha Hz 70 au 80 kwa nguvu, na mtu huambiwa hiyo ndiyo besi. Sabufa ya kweli kwa sebule ya kawaida ni ya koni ya inchi 8 au 10, yenye amplifaya yake ndani, kitufe cha kiwango, kitufe cha krosova kinachoandikwa kwa Hz, na swichi ya fezi. Inchi 12 iacheni kwa wenye sebule za Nyali.

Zipo zilizofungwa kabisa na zipo zenye tundu. Zenye tundu hutoa kelele nyingi zaidi kwa pesa ileile na zinapendeza kwa filamu. Zilizofungwa hupiga na kunyamaza upesi, na zinafaa ngoma za chakacha ambapo kila pigo lataka kusikika peke yake. Mimi hupendelea zilizofungwa kwa vyumba vyetu vya mawe, kwa sababu chumba chenyewe kitaongeza cha kwake. Mwenye kupenda filamu zaidi atabishana nami, na ana haki.

Kuhusu idadi ya spika: sauti ya sinema ya 5.1 ina spika tatu mbele, mbili za kando au nyuma, na njia moja ya besi tupu, hiyo ndiyo ".1" yenyewe. Dolby Digital iliingia kwenye majumba ya sinema mwaka 1992 na ndiyo iliyozoesha watu mpango huo. Nyumbani si lazima uununue wote siku moja. Anza na mbili za mbele, ongeza sabufa, kisha ya katikati, na za nyuma ziwe za mwisho. Ya katikati hubeba sehemu kubwa ya mazungumzo ya filamu. Mkiwa wawili mnaokaa katikati mbele ya televisheni, spika mbili zitayaweka maneno katikati zenyewe na hutaikosa. Lakini majlisi iliyozunguka kuta tatu, watu wanane wakitazama, aliye pembeni ataona mtu anasema kwenye kioo na kusikia neno likitoka kwenye kona. Nyumba ya namna hiyo yaihitaji spika ya katikati kuliko sabufa. Filamu zile zinazotafsiriwa na madijei, kwa kawaida ni sauti ya pande mbili tu, hivyo anayetazama hizo pekee asijitese na spika za nyuma.

Zile spika za mti mmoja zinazolala chini ya televisheni zinafaa chumba cha kulala na nyumba ya kupanga. Kwa muziki, bado jozi ya kawaida inazishinda kwa bei ileile.

Mpya au mtumba

Kwa bajeti ya kawaida, mtumba ndio njia bora, na hapa Mombasa tuna bahati ya bandari. Jozi za Wharfedale, Mission au Tannoy zilizotumika Uingereza zinaweza kuwa nzuri kupita kitu kipya cha bei hiyohiyo. Spika za kawaida hazina umeme wa ukutani, hivyo zitokapo haidhuru. Amplifaya na sabufa ndizo za kuangaliwa: umeme wetu ni volti 240, wa Japani ni 100 na wa Marekani 120. Mashine ya huko ukiichomeka hapa bila transfoma utanusa moshi. Za Uingereza na za Imarati hazina tatizo hilo, hata plagi ni ileile.

Nenda na mita ya fundi, betri ya kalamu na flashi yenye nyimbo unazozijua kwa moyo. Spika ya ohmu 8 ikipimwa husoma kama 6. Isiposoma kitu, koili imekatika. Sukuma koni polepole kwa vidole viwili, pande zote sawa, na ukisikia mkwaruzo ndani iache. Angalia ukingo unaozunguka koni. Wa sponji hukatika wenyewe baada ya miaka, na joto na unyevu wetu huuharakisha. Wa mpira hudumu. Ukingo uliooza wawezekana kubadilishwa na koni ikawa nzima, kwa hiyo usikatae spika nzuri kwa hilo, teremsha bei. Halafu cheza wimbo mmoja wa mtu anayeimba na chombo kimoja, kwa sauti ya wastani, muziki wa dukani ukiwa umezimwa. Muuzaji akikataa kuzima, rudi siku nyingine asubuhi.

Kupanga

Twita iwe sawa na sikio la aliyeketi. Vitabu vya wazungu husema karibu mita moja kutoka chini, lakini wao wanakaa kwenye viti. Anayekaa kwenye godoro la majlisi sikio lake liko kama sentimita 75. Spika iliyo juu ya kabati itaimba juu ya kofia za wageni. Ishushe, au iiname mbele kidogo. Umbali baina ya spika mbili uwe karibu sawa na umbali kutoka kwazo hadi kwako, na zigeuzwe kidogo kukutazama. Kama zina tundu nyuma, ziache sentimita 20 au zaidi kutoka ukutani.

Hakikisha chanya inakwenda kwa chanya pande zote mbili. Waya usio na alama unapimwa kwa ile betri ya kalamu: gusa waya kwa nukta moja, koni ikitoka nje, upande uliogusa chanya ya betri ndio chanya. Spika moja ikipinduliwa, besi hupotea na mwimbaji hana mahali pa kusimama. Nimekuta nyumba ambazo watu walinunua sabufa kufidia besi iliyokuwa ikiuawa na waya mmoja uliopinda njia.

Sabufa ina mtihani wake wa kuchekesha. Iweke juu ya kochi, pale unapokaa wewe. Cheza wimbo wenye besi inayotembea noti nyingi. Kisha tambaa kando ya kuta, kichwa chini, usikilize kila mahali panapoweza kukaa kasha. Mahali ambapo noti zote zinasikika sawa, bila moja kunguruma na nyingine kutoweka, ndipo sabufa itakapokaa. Watoto watacheka, lakini hakuna mashine ya bei nafuu inayoshinda njia hii. Kona huongeza nguvu na huongeza uvimbe pia, hivyo iwe chaguo la mwisho.

Krosova anza nayo Hz 80. Chini ya hapo sikio halitambui vizuri sauti yatoka wapi, na sabufa inaweza kujificha. Spika kuu zikiwa ndogo panda hadi 100 au 120, lakini hapo isogeze mbele karibu nazo. Swichi ya fezi jaribu pande zote mbili ukiwa umekaa mahali pako, uache ile inayotoa besi nyingi zaidi. Mwisho ongeza kiwango mpaka uitambue sabufa, kisha kirudishe nyuma kidogo. Ukiizima na muziki ukaonekana umekonda, umeipatia.

Jirani

Mzee mmoja wa Majengo aliniita nimtengenezee sabufa iliyokuwa nzima kabisa. Alichotaka hasa ni njia ya kupatana na jirani wa juu, ambaye alikuwa hamsalimii tena msikitini. Besi ya chini hupita slabu na ukuta kama hawapo. Trei za mayai ukutani hazizuii hata chembe yake. Kinachosaidia ni kuitenga sabufa na sakafu: kipande cha godoro gumu au mpira mnene chini yake, ili mtetemo usiingie kwenye jengo moja kwa moja. Isogeze mbali na ukuta wa jirani, na baada ya Isha punguza kiwango cha sabufa peke yake, maneno ya filamu utayapata yaleyale. Risiva nyingi zina kitufe cha usiku kinachobana vishindo. Kanuni za NEMA za mwaka 2009 zinataja kelele pamoja na mtetemo wa kupita kiasi, hivyo jirani akishitaki anayo sheria. Yule mzee tulitia mpira, tukaihamisha sabufa ukuta wa pili, na kumpelekea jirani nambari ya simu ili aseme ikizidi.

Hewa ya chumvi, maji ya deki na mijusi

Waya wa spika uwe wa shaba tupu, wa milimita mraba 1.5 au 2.5. Kwangua kidogo kwa kisu: ukiona rangi ya fedha chini ya shaba, ni alumini iliyopakwa. Shaba huku kwetu hugeuka kijani, basi kila mwaka kata ncha sentimita mbili uimenye upya.

Makasha mengi ni ubao wa unga wa mbao, na maji ya kupigia deki huuvimbisha kutoka chini. Weka vimiguu vya mpira au kibao. Amplifaya iachwe wazi juu yake, kama sentimita 10, na vile vitambaa vya kufuma vihamie kwenye meza, maana joto lisipotoka mashine haizeeki vyema. Umeme ukikatika na kurudi huja na kishindo, hivyo nunua kifaa cha kuzuia volti zinazopanda, na sabufa izimwe ukutani usiku badala ya kuachwa ikisubiri.

Mijusi kafiri na mende hupenda joto la ndani ya mashine, na mjusi mmoja akilala juu ya bodi anaweza kuiunguza pamoja naye. Tundu la sabufa lifunikwe kwa kitambaa chepesi cha soksi ndefu za kike, kilichovutwa kikaachia hewa. Matundu ya amplifaya yasizibwe. Huko yafaa kuinua mashine kutoka sakafuni na kuifungua ifagiliwe mara moja kwa mwaka, kabla ya kaskazi.